Kuivisha Ardhi Buibui

Leo sikupeleki mbali. Nakukaribisha uani kwangu, hapa Tanga, chini ya mwembe. Vuta mkeka tukae, ila utandike upande huu wa kushoto. Kule kulia kuna wageni wangu, sitaki wakanyagwe.

Miaka mitatu nyuma usingehitaji kuuliza pa kutandika. Palikuwa peupe kote. Udongo mkavu, mgumu, umepasuka kama kisigino kilichokosa mafuta, na mizizi ya mwembe imetokeza juu kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kila mwenye nyumba yenye mwembe, mfenesi au mkungu anapajua mahali pa namna hiyo. Ndipo tunapobarizi jioni, ndipo mgeni anapopewa kiti, ndipo watoto wanapochezea; na ndipo penye sura mbaya kuliko kiwanja kizima.

Mimi kwanza nilitaka ukoka. Nilikuwa nimeuona mahali, umekatwa vizuri, kijani kibichi, nikautamani. Masika ya kwanza nikanunua vipando magunia mawili, nikapanda. Ukashika. Nikaanza hata kujigamba kwa majirani. Kufika Agosti zimebaki nyuzinyuzi za njano. Mwaka wa pili nikarudia, nikamwagilia asubuhi na jioni, bili ya maji ikapanda, ukoka ukafa vilevile, safari hiyo ukifa umelowa. Mara ya tatu sisimulii, maana mke wangu anasikiliza redio.

Kosa halikuwa la maji. Ukoka ni mtoto wa jua. Unyime jua, nao hurefuka na kudhoofu ukilitafuta, kisha huchoka. Halafu chini ya mwembe hauko peke yake. Mwembe una mizizi mingi myembamba karibu na uso wa ardhi, na kila ndoo unayomwaga, mwenye nyumba hunywa kwanza. Mgeni hupata makombo. Na kuna jambo la tatu ambalo mimi sikulijua mpaka nilipokaa barazani siku moja ya mvua kubwa nikaangalia. Tone linalopita kwenye majani ya mwembe halishuki kama lilivyokuja. Linasimama kwenye jani, linajikusanya na wenzake, linanenepa, ndipo linaanguka. Likifika chini kwenye udongo mtupu linapiga kama nyundo ndogo. Udongo unaruka. Mvua ikikatika, ukuta wa jiko una madoa mekundu mpaka usawa wa goti, na mizizi imetokeza zaidi ya jana.

Hapo ndipo nilipoacha kukitibu kivuli. Nilikuwa nakiona kama ugonjwa wa ua wangu, nakata matawi ili jua liingie, na mwembe wenyewe nimeukuta, ulipandwa na marehemu baba. Nikajiambia: iko mimea iliyozaliwa misituni, chini ya miti mikubwa, haijawahi kuliona jua la saa saba mchana hata siku moja. Hiyo ndiyo nitakayoileta hapa, na ukoka ubaki kwa wenye viwanja vya mpira.

Mmea nilioishia nao unaufahamu. Umeuona umening'inia kwenye kopo la rangi barazani kwa watu, au kwenye chungu katika ofisi. Majani marefu membamba kama ya mchaichai, ila laini, yamepinda kila upande. Mengi yana mstari mweupe katikati. Kutoka kwenye shina zinatoka kamba ndefu za rangi ya majani makavu, na kila kamba inaning'iniza mimea midogo midogo, kila mmoja na miguu yake ya mizizi tayari. Wauza miche wengi huutaja kwa jina lake la Kiingereza, ambalo maana yake ni mmea buibui, kwa kuwa vile vitoto vinavyoning'inia vinafanana na buibui kwenye uzi wake. Afrika Kusini wanauita kuku na vifaranga. Wataalamu wa mimea wanauita Chlorophytum comosum. Na kama una ndugu bwana shamba, usimwambie tu kwa Kiingereza kwamba umepanda mmea buibui. Atakuuliza umeuchuma mara ngapi na umeupika na nini, maana jina hilohilo ndilo wanalolitumia kwa mgagani, ile mboga chungu.

Mimi jina la buibui limenikaa vizuri kwa sababu nyingine. Hapa pwani tunao buibui wawili. Yuko mdudu mwenye miguu minane, na liko lile vazi jeusi la mama zetu. Mmea huu unayatimiza majina yote mawili: unatembea kwa nyuzi kama mdudu, na ukishatembea unaisitiri ardhi kama vazi. Ukiniuliza nilifanya nini chini ya mwembe, nitakwambia niliivisha ardhi buibui.

Wala si mgeni kutoka ng'ambo, ingawa tumezoea kuuona kwenye vyungu vya kizungu. Kwao ni Afrika, sehemu za joto za bara hili mpaka kusini kabisa. Mswidi Carl Peter Thunberg, aliyekusanya mimea huko Rasi ya Tumaini Jema, aliuandika kwenye vitabu mwaka 1794. Umeenda Ulaya, umekaa madirishani kwa watu, umerudi tunauziwa kwenye kopo. Jambo hili litatukuta tena kabla hatujaagana.

Sasa twende kazini. Sehemu yangu ilikuwa mita nne kwa mita tatu. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, kila mita moja ya mraba inataka miche kama 11, kwa hiyo mimi nilihitaji kama 130. Nilikuwa na 20. Jirani yangu, Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, alinikatia vifaranga hivyo kutoka kwenye makopo yake matatu, akakataa hela, akataka embe msimu ukifika. Nikavipanda vyote mahali pamoja, palipo pazuri kuliko kwingine, ukingoni mwa kivuli ambapo jua la asubuhi hugusa kidogo. Hicho ndicho kilikuwa kitalu changu. Mwaka uliofuata kila mama alikuwa ametoa kamba na kila kamba ina vifaranga, nami nikaanza kuhamishia ndani zaidi. Masika ya pili sehemu kubwa imefunikwa. Usikimbilie kununua miche 130, msikilizaji. Huu ni mmea wa kuombwa kwa jirani.

Kifaranga kilicho tayari utakijua kwa chini yake: kina vinundu vyeupe, au mizizi mifupi kama meno ya mtoto. Kata kamba, kitie ardhini mpaka usawa wa pale majani yanapoanza, usikizike moyo wake. Panda masika yakishakolea, ardhi ikiwa imelowa. Ukikosa masika ngoja vuli. Miezi miwili ya kwanza usikiache kikauke. Baada ya hapo kinajitegemea zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu mizizi yake ni minene, myeupe, imejaa maji kama vihogo vidogo. Kiangazi majani yatalala na kupauka, utadhani umekwisha. Mwagilia mara moja vizuri, yatainuka. Kinachouua kwa kweli ni maji yanayotuama. Pale maji ya mvua yanapofanya kidimbwi, usiupande.

Kuchimba kuna adabu yake. Usilime chini ya mwembe kwa jembe, utakata mizizi inayoulisha mti. Mimi nilitumia kisu cha zamani cha jikoni, nikitafuta nafasi kati ya mzizi na mzizi, nachimba kitundu cha ukubwa wa kikombe, natia konzi ya mboji au samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, napanda. Nikikuta mzizi nahama. Ndiyo maana safu zangu hazijanyooka, na sioni aibu.

Nina dhambi moja ya kuungama hapa. Mwanzoni, nilipoona mizizi imetokeza, nilileta toroli kumi za udongo nikaufunika kuzunguka shina, nikapiga na koleo, nikafurahi. Miezi michache baadaye mwembe ukaanza kupukutisha majani upande huo, na gome la chini, pale lilipozikwa, likawa limelowa na kunuka uozo. Mzee mmoja mkata minazi alipita, akatazama, akaniuliza kama mimi nikivishwa blanketi usoni nitalala. Nikaufukua udongo siku ileile. Mizizi inahitaji kupumua, na gome la shina halitaki kulala kwenye unyevu. Acha duara la mita nzima kuzunguka shina bila kupanda wala kujaza kitu. Ukitaka kuongeza udongo mahali mizizi imetokeza sana, weka tabaka jembamba tu, la vidole viwili, kisha uache mmea wenyewe ukamate majani yanayoanguka. Majani yakioza ndani yake, udongo unajijenga polepole.

Majani hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi nyumbani. Mama yangu anafagia. Anaamka kabla ya alfajiri kukucha vizuri, anashika fagio la chelewa, na jua likitoka ua mzima una mistari ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kwake yeye ua uliofagiwa ndio ushahidi kwamba nyumba ina watu. Aliponiona nimepanda, aliniambia, "Mwanangu, unafuga nyoka?" Na hakusema upuuzi. Ua mweupe uliwekwa na wazee kwa sababu: nyoka anaonekana kutoka mbali, na mtoto anatambaa bila kitu kujificha chini ya mkono wake. Nami nilikuwa na hoja yangu: kila asubuhi ufagio unaondoka na majani, na pamoja na majani unaondoka na ngozi nyembamba ya udongo. Fagia hivyo miaka yote, kisha ushangae mizizi kutokeza.

Tukapatana. Kuanzia mlango wa jiko mpaka getini, na mbele ya baraza yote, ni mali ya mama na ufagio wake. Hapo hakioti kitu. Chini ya mwembe ni pangu, na kati yetu kuna njia ya mawe ya matumbawe yenye upana wa hatua mbili. Majani ya mwembe anayoyafagia upande wake siku hizi hayaendi kuchomwa, anayasukuma upande wangu. Nyoka sijamwona mpaka leo, ila sikwambii upande mimea mpaka kizingitini. Usifanye hivyo, na usiku tembea na tochi.

Kuhusu mbu nako nimeulizwa sana na wanaotembelea hapa. Majani ya mmea huu ni membamba na yanamwaga maji, hayakai kama kikombe. Mbu wako wanatoka kwingine. Pekua chini ya majani kila wiki utoe vifuu vya nazi, vizibo na makopo yaliyotupwa na watoto. Chombo kimoja kilichofichika humo kitakuchosha kuliko bustani nzima.

Liko jambo ambalo wauza miche hawakuambii, nami naona ndilo zito kuliko yote. Kama mwembe wako ni wa biashara, unaouza embe zake, usipande kitu chini yake. Yuko nzi wa matunda aliyetoka Asia, akaonekana kwa mara ya kwanza barani kwetu nchini Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amesambaa. Jike hutoboa embe na kutaga ndani. Embe huoza, huanguka, funza hutoka na kuingia ardhini kujigeuza, na kutoka ardhini huibuka nzi wapya wa kuanza upya. Silaha ya kwanza dhidi yake ni kuokota kila embe iliyoanguka, kila siku, na kuizika kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi na kushindilia. Sasa embe ikidondokea ndani ya majani mazito utaiona saa ngapi? Mimi mwembe wangu ni mmoja, wa kula na kugawa, na msimu wa embe nina wapwa wawili ambao kila asubuhi kabla ya shule hupita humo na kikapu. Bila wapwa ningefikiri mara mbili. Chini ya mkungu, au nyuma ya nyumba upande usio na jua, hakuna shida hiyo.

Mengine nayapitia haraka. Ncha za majani zikigeuka kahawia, laumu maji. Visima vyetu vya karibu na bahari vina chumvi, na mmea huu hauipendi. Kinga maji ya bati mvua inaponyesha. Ya bomba, yaache kwenye ndoo usiku kucha ndipo umwagilie. Majani yakipauka na kuungua katikati, jua limezidi. Wenye mstari mweupe unapendeza, lakini unahitaji mwanga zaidi kidogo. Kwenye giza la mfenesi tafuta ule wa kijani kitupu. Konokono wataula usiku wa masika, watoe kwa mkono. Paka watautafuna, nao hauwadhuru. Na kuhusu habari kwamba unasafisha hewa: ni kweli mimea ya aina hii ilijaribiwa Marekani katika miaka ya 1980 kwa ajili ya vyombo vya angani, lakini ilijaribiwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uani kwako upepo wa bahari unaifanya kazi hiyo bure.

Kwenye kona ya bomba, ambako ardhi haikauki, nimepanda kingine, na hiki kina kisa. Ni lile ua la mashina laini yaliyojaa maji, lenye petali bapa nyekundu, waridi au nyeupe, na nyuma yake mkia mwembamba. Tumba lake la mbegu likikomaa, ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu mpaka usoni, ndiyo maana likaitwa Impatiens, lisilo na subira. Kwao ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka mpaka Msumbiji, na panda milima ya Usambara uingie msituni, utaliona kandokando ya vijito. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alilipeleka Uingereza, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akalipa jina la Sultani wa Zanzibar, Impatiens sultani. Aliyekuwa kwenye kiti wakati huo ni Sayyid Barghash. Heshima kubwa, lakini haikudumu. Ikagundulika kwamba ua hilohilo Hooker mwenyewe alikwisha kuliandika mwaka 1868 kwa jina la mmisionari Horace Waller, na sheria ya wataalamu wa mimea ni kwamba jina la kwanza ndilo linalosimama. Sultani akapokonywa ua lake, na leo linaitwa Impatiens walleriana.

Baadaye Mmarekani mmoja, Claude Hope, akalikuza shambani kwake Costa Rica, akalifupisha, akalitoa kwa rangi nyingi, na dunia nzima ikalinunua kwa ajili ya bustani za kivulini. Mimi nilipolitafuta mara ya kwanza nilinunua pakiti ya mbegu dukani, kwa bei ya kuuma, yenye picha ya bustani ya Wazungu. Shemeji yangu wa Lushoto alinicheka. Kwao hilo ni kama magugu ya njiani.

Ulaya linakufa kila baridi ikija, wanapanda upya kila mwaka. Hapa linadumu, likichoka unalikata nusu linachipua, na mbegu zake zinajiotesha zenyewe. Linataka maji zaidi kuliko mmea buibui, na mjini Tanga mwezi wa Februari litakulilia mchana wote. Ndiyo maana nimeliweka bombani tu. Na tukiwa bado Usambara: lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, alilolichukua Baron von Saint Paul-Illaire mwaka 1892 na kulipeleka Ujerumani, lisikutie tamaa. Ni la miamba yenye unyevu, chini ya msitu. Uani kwangu halitandai, linateseka.

Wako watakaokuletea majani yenye michirizi ya fedha na tumbo la zambarau, yale yanayotambaa na kuweka mizizi kila kifundo. Ni ndugu wa kongwa letu la shambani, kwao ni Meksiko. Ndani ya wiki sita yamefunika, na ndani ya mwaka yamepita chini ya ua kwenda kwa jirani, na mbwa akilalia anajikuna. Nilipewa, nikayapanda kwenye chungu, na kwenye chungu yatabaki.

Basi, msikilizaji. Mama yangu juzi alikaa kwenye mkeka chini ya mwembe, akatazama upande wangu kwa muda, akasema nimwekee vifaranga sita kwenye kopo, anataka kumpelekea dada yake Pangani. Masika hayako mbali. Tazama nani mtaani kwako ana kopo linaloning'inia barazani, mbishie hodi leo jioni, umwombe vifaranga ishirini kabla wengine hawajawahi.